Mpafu wa Maman Odile

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane kule Mururu, mpakani na Kongo, nilisema neno moja la adabu, na hadi leo sijui kama ndilo lililomuua mdogo wangu.

Désiré alikuwa na miezi mitano. Kifua kilimbana usiku na mchana. Dawa alikuwa nayo jirani yetu Maman Odile, mjane aliyerudi kutoka Kongo kama sisi, mwenye mti wa mpafu nyuma ya nyumba. Alikuwa akichanja gome kwa kisu, akangoja utomvu ugande, kisha akaubandua. Vidonda alivipaka utomvu huo pamoja na mawese. Wenye kifua aliwafukiza kwa moshi wake, akiuchoma juu ya makaa. Kilima kizima kilimtegemea, na kilima kizima kilimwogopa. Sharti lake lilikuwa moja: dawa haishukuriwi. Ukiishukuru, nguvu yake inarudi mtini.

Mama alinituma. Maman Odile akanifungia donge katika jani la mgomba, nami, kama tulivyofunzwa shuleni, nikasema, “Aksanti, Maman.”

Alinisukuma mlangoni. “Weye mutoto! Enda. Usiambie muntu.”

Mama alimfukiza, na siku mbili Désiré alipumua vizuri. Ya tatu, Baba alimkimbiza kituo cha afya, akarudi naye amefunikwa.

Baada ya mazishi watu walijaa uani kwa Maman Odile, wakirusha madongoa mlangoni.

“Mulozi! Ulimupa mutoto sumu!” shangazi yangu alipiga kelele.

“Ile muti ikatwe, ama uhame nayo ku kichwa!” akasema Papa Kazi, jirani mwingine. Wengine wakacheka.

Maman Odile akamgeukia. “Na weye, mguu yako ilipona na nini? Na maombi?”

Kisha macho yake yakaniangukia. Nilikamata kitenge cha Mama, nikangoja aniseme. Hakunisema.

Nimesoma mengi tangu hapo. Nimesoma kwamba utomvu ule hufunga vidonda kweli, na kwamba moshi si rafiki wa kifua cha mtoto mchanga. Siwezi kuwahukumu wazazi wangu. Walikuwa na kaburi jipya na hawakuwa na wa kumuuliza. Lakini Maman Odile alikuwa na utetezi mmoja tu, ile aksanti yangu, akauficha ili lawama isiniangukie. Mimi nilinyamaza.

Wakakubaliana: yeye abaki, mti ufe. Hakuna mwanamume aliyethubutu kuugusa. Maman Odile akaomba panga, na mbele yetu sote akauchuna gome kuzunguka shina lote, polepole, ili ukauke umesimama, hadi ncha mbili za mkato zikakutana.