Michezo Niliyoiondoa Mmoja Mmoja

Mwaka ule niliorudi Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi Uganda, na digrii yangu, kilichoninyima usingizi hakikuwa kazi. Kazi nilijua sina. Nilikuwa nalala macho kwa sababu ya swali moja: je, ni gemu zangu zinazomfukuza mama nyumbani?

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, udongo na bati. Chumba cha nyuma tulilala, mama upande wake wa pazia na mimi upande wangu. Chumba cha mbele nilikifanya cha gemu: televisheni moja, plestesheni kuukuu niliyoinunua mkononi mwa mtu Mbarara nilipokuwa chuoni, pedi mbili za kuchezea, benchi mbili, na betri la sola lililotosha mchana mpaka jua kuzama. Wateja walikuwa vijana wa bodaboda. Kila nilipowasha, mama alijifunga kitenge, akachukua mkeka wake, akatoka. Alikwenda kuketi kwa jirani, au kwenye benchi za kanisa siku ambayo hakuna ibada. Alirudi betri likikata.

Mwanzoni nilidhani anatupisha tu, nyumba ni ndogo. Kisha siku moja nilimkuta anakunja vitenge vyake na kuvitia ndani ya gunia. Alisema dada mmoja wa kanisani, upande wa kwenda Ngarama, ana chumba kitupu.

"Nitaenda kukaa kule kidogo, papa," alisema. Kwetu mama humwita mwanawe wa kiume papa. "Wewe endelea na kazi yako. Jumamosi watanibebea mizigo."

"Kidogo ni siku ngapi?"

"Kidogo ni kidogo."

Nilizijua hizo "kidogo" za mama. Tulipotoka Fizi, Kongo, wakati wa vita vya tisini na sita, mimi nikiwa mgongoni mwake, aliwaambia majirani kwamba tunakwenda kidogo. Baba alibaki kulinda nyumba, naye tulimwacha kwa neno hilohilo. Hatukuwa na ndugu mwingine Uganda nzima. Nikaanza kuona picha: ataondoka Ngarama, atasema anakwenda Tanzania kidogo, atavuka ziwa kurudi Fizi kidogo, na mimi nitabaki na pedi mbili.

Kumwuliza wazi sikuthubutu. Nilihofu atasema ndiyo, ni gemu zako, na hapo ningelazimika kuchagua mbele yake. Nikaona afadhali nitafute mwenyewe ni mchezo gani unaomuumiza, niuondoe kimyakimya kabla ya Jumamosi.

Wa kwanza kushukiwa ulikuwa mchezo wa vita. Nani asingeushuku? Askari wanakimbia kwenye theluji, bunduki zinalia tangu mwanzo mpaka mwisho, na mama yangu ni mtu aliyekimbia bunduki za kweli. Niliona aibu kwamba niliwahi kuuweka. Lakini niseme ukweli wangu kama mchezaji: niliupenda kwa sababu ya kuta zake. Ukipigwa risasi, unachuchumaa nyuma ya ukuta, unanyamaza, na damu iliyojaa kwenye kioo inafutika yenyewe. Hakuna daktari, hakuna foleni. Wateja walikimbia mbele wakafa. Mimi niliweza kukaa nyuma ya ukuta mmoja mpaka wakanipokonya pedi.

"Yaya, umekuja vitani kupumzika?" aliniuliza, akiniita kaka mkubwa kwa namna ya kwetu, mteja wangu mkubwa, dereva wa boda mwenye maneno mengi ambaye kila mmoja alimwita Kapteni. "Hii ndiyo digrii walikupa Mbarara?"

Niliuondoa mchezo wa vita Jumatatu. Mama akatoka na mkeka wake vilevile.

Basi nikafikiria mchezo wa jumba la giza. Huu kwangu ndio mkubwa kuliko yote. Unatembea peke yako kwenye jumba lisilo na watu, una tochi na risasi chache. Kila ukifungua mlango, mashine inachelewa, na kwa muda huo kioo chote ni mlango tu, unafunguka polepole kwenye weusi. Huoni kilichoko ndani, unakisikia kikikokota miguu. Wateja waliuchukia kwa ule ucheleweshaji. Mimi naona waliotengeneza mchezo ule waliijua hofu vizuri: hofu iko mlangoni, ukishaingia chumbani ni kazi tu. Na katika jumba hilo kuna vyumba vichache vyenye taa na muziki mpole, ambamo hakuna kinachokufuata. Mtu mwenye woga kama wangu hupata raha ya ajabu humo. Woga wa nje hauna chumba cha namna hiyo.

Lakini kwa mama, Mkristo wa kufunga na kuomba, labda mchezo ule ulikuwa mlango wa mapepo. Niliuondoa Jumanne. Nikakosa kusema hata kwaheri, nikaiweka sidi chini ya godoro.

Mama akatoka.

Jumatano niliondoa mchezo wa magari, ule wa mji mkubwa ambao unaiba gari na polisi wanakukimbiza kwa ving'ora. Mimi nilikuwa mchezaji pekee aliyesimama kwenye taa nyekundu. Wateja walilia kwa kicheko. "Polisi wa ndani ya televisheni watakuomba kitambulisho cha mkimbizi!" Kapteni alisema, na nilicheka pamoja nao, ingawa mkono wangu ulikuwa umekauka kwenye pedi. Siku hiyohiyo niliondoa na mchezo wa ngumi. Huo sikuupenda kamwe: unaweza kujifunza mwezi mzima, kisha mtu anayebonyeza ovyo kwa kiganja anakupiga.

Ukabaki mpira wa miguu tu. Mpira ulikuwa mchezo usio na kosa. Mama mwenyewe, siku nilipoleta mashine nyumbani, aliziangalia sidi zote akaweka kidole kwenye ile ya mpira. "Hii ndiyo nzuri. Hakuna mutu anakufa." Kwangu ulikuwa mchezo wa biashara, sikuwa na hamu nao, kwa sababu hauna mahali pa kujificha. Lakini ndio uliotulisha, nao niliuwekea sauti kubwa kusudi wapita njia wasikie na kuingia.

Mama alipoona zile sidi nyingine hazipo aliniuliza, "Wale wanajeshi wako umewapeleka fasi gani?"

"Nimewaondoa, mama."

"Kwa nini? Nilikuwa nimebazoea."

Kisha nikawasha mpira, naye akachukua mkeka.

Alhamisi tulikwenda Mbarara. Mama alikuwa na siku ya kupimwa presha, nami nilitaka kubadilisha zile sidi nilizoondoa kwa pedi mpya, maana Jumamosi tulikuwa na fainali ya vijana wa boda na mshindi angepata jogoo. Tulitoka hospitali tukaenda kwa mfanyabiashara niliyemzoea tangu chuoni, Mwislamu wa mjini aliyeuza sidi, pedi na chaja katika duka jembamba. Alikuwa anaijaribu pedi kwenye mashine yake, mama amesimama mlangoni akipunga upepo kwa kadi ya hospitali.

Nyuma ya mtaa ule kulikuwa na kiwanja. Sikujua kuna mechi. Ghafla watu wa kiwanjani wote wakapiga kelele moja, ile ya goli, ndefu, isiyo na neno ndani yake.

Nilipogeuka, mama hakuwa mlangoni. Alikuwa ameingia nyuma ya kaunta, ameketi chini kati ya maboksi, magoti kifuani. Kitenge amekivuta kichwani.

"Nyabo!" mwenye duka aliruka, akimwita bibi kwa lugha ya huko. "Nini? Mwizi iko?"

"Samahani," mama alisema kutoka chini. "Samahani, baba. Nitatoka."

"Usitoke, kaa. Hiyo ni mupira tu, nyabo. Watu nafurahi."

"Ndiyo," mama alisema. "Nimesikia vile banafurahi."

Mwenye duka hakumwuliza tena. Alishusha mlango wa bati nusu, akampa maji ya chupa, akaketi kwenye stuli yake huku akizungusha tasbihi, na wateja wengine aliwaambia wasubiri nje. Nilichuchumaa karibu na mama. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwuliza swali bila kulipima kwanza.

"Mama, ni kelele hii?"

Alikunywa maji. Alinieleza akiangalia maboksi, na risasi aliziita masasi, kama tunavyosema kwetu.

"Masasi, papa, unasikia fasi inatoka. Ikitoka huku, unakimbia kule. Masasi ilikuja baadaye. Ya kwanza ilikuwa ile kelele. Watu mingi, bote banafurahi, banakuja kwa barabara. Nilisimama na wewe mugongoni, sikujua nikimbilie wapi, kwa sababu ilitoka fasi yote. Na sikusikia hata sauti moja ninayoijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nimeogopa watu wa televisheni? Watu wa mupira?" Alitaka kucheka. "Mutoto amesoma, amepata kazi ya kwanza, halafu mama yake anaogopa goli."

Njia nzima ya kurudi, kwenye gari la kwenda Isingiro, niliwaza. Nizime sauti yote? Ijumaa nilijaribu, wateja walipokuja.

"Hii ni mupira ao ni matanga?" Kapteni aliuliza. "Sisikii filimbi, sisikii mpira umegonga mlingoti. Yaya, mimi nitapeleka watu wangu kule senta, kwenye gemu za madukani. Kule uwanja unajaa."

Alikuwa na haki. Sauti ni nusu ya mchezo, na aliyecheza anajua kwamba pasi unaisikia kabla hujaiona. Basi nihamishe gemu? Kwa pesa gani, na kwenda wapi? Nifunge? Nikifunga mama atajua ni kwa ajili yake, ataondoka kwa aibu badala ya hofu. Kila njia niliyoiwaza ilirudi kwenye gunia lile lililosimama nyuma ya pazia.

Njia iliyobaki niliiogopa kuliko zote. Sidi yetu ilikuwa ya kunakili na maandishi yake yote yalikuwa ya Kijapani, au Kichina, hakuna aliyekuwa na uhakika. Tulicheza kwa kukariri: chini mara mbili, kitufe cha eksi, kulia, eksi, mechi inaanza. Kurasa nyingine hatukuzigusa. Mmoja wetu aliwahi kupotea humo, wachezaji wakawa wanacheza kwenye mvua isiyokatika, ikatuchukua wiki nzima kuwatoa. Mahali fulani kwenye kurasa hizo, nilijiambia, lazima kuna sehemu ya sauti. Lakini nikikosea siku ya fainali, nikaharibu mchezo pekee uliobaki, sitajua hata nimeharibu nini.

Jumamosi chumba kilijaa mpaka dirishani. Jogoo alikuwa amefungwa kwenye mguu wa benchi. Mama alikuwa nyuma anafunga gunia kwa kamba, na yule dada wa kanisani alikuwa ameahidi kuja na boda ya mizigo jioni. Kapteni alinyoosha mkono apewe pedi.

Sikumpa. Nilibonyeza chini mara moja badala ya mbili.

"Weee! Yaya! Huko hakuna njia!"

Ukurasa ukafunguka, maandishi tupu. Nikatoka, nikaingia mwingine, na wa tatu ulikuwa na picha ndogo ya spika na mistari mitano iliyojaa rangi ya kijani. Nikasukuma wa kwanza kushoto. Muziki ukafa. Nikaurudisha. Wa pili, ile sauti ya mtangazaji tusiyemwelewa. Nikaurudisha pia. Nikasukuma wa tatu mpaka ukawa mweusi wote, nikaingia kwenye mechi.

Filimbi ililia. Mpira uligongwa, pu, pu. Wachezaji waliitana. Majukwaa yalikuwa yamejaa watu wanaorusha mikono, na hawakutoa sauti.

"Umewafanya nini mashabiki?" Kapteni alinong'ona. Chumba chote kilinong'ona.

Nilimpa pedi nikaenda nyuma. "Mama, simama hapa na mimi," nilisema. "Kama ni mbaya, nitazima kabisa na nitakubebea gunia mwenyewe."

Tulisimama nyuma ya pazia la mlango. Nilikuwa nimesahau jambo moja, nami nililikumbuka wakati mshambuliaji wa Kapteni alipokuwa tayari ndani ya boksi. Goli liliingia. Vijana wote waliruka, wakapiga ukelele uliotikisa bati, na jogoo akapiga ukelele wake. Nilifumba macho. Nilingoja kusikia mkeka.

Mama alikuwa amenishika mkono, na kucha zake zilikuwa zimeingia kwenye ngozi yangu. Hakutoka.

"Huyu anayelia kama mbuzi ni mutoto wa mama wa maandazi," alisema polepole. "Ule mwingine ni muimbaji wetu wa kwaya." Akasikiliza tena. "Hawa ninabajua."

Mechi ilipokwisha, kioo kiliuliza swali lake, sanduku dogo lenye majibu mawili. Hilo tulilijua: kulia unafuta ulichobadilisha, kushoto kinasevu, kinahifadhiwa kwenye kadi na kinabaki hivyo kila ukiwasha.

"Kulia, yaya," Kapteni alisema. "Leo tumekusamehe. Lakini kesho turudishie uwanja wetu. Ukisevu, wengine watahamia senta, mimi nakuambia."

Pengine alikuwa anasema kweli. Pengine benchi moja ingekuwa tupu wiki ijayo, na ile nyingine wiki inayofuata. Nilichukua pedi mkononi mwake, nikapeleka alama kushoto, nikabonyeza eksi.