Kopo Halirudishwi

Nimewahi kumkatisha bibi kizee chakula chake, na jambo hilo nililianza nikiwa nimevaa glavu, barakoa na koti la kazi ambalo familia mbili zingeweza kulala ndani yake bila kugusana miguu. Sikumnyang'anya sahani. Nilimhesabia makopo mbele za watu. Kwa vichekesho najulikana kuanzia Kibiti mpaka Ikwiriri, na wapo wanaosema hata mbuzi wa stendi hunisogelea wasikilize. Hiki hapa nimekikwepa miaka kadhaa, kwa sababu kila nikikianza kinakataa kuchekesha.

Kazi yenyewe ilikuwa kupekua taka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, mtu mzima na ndevu zangu, nikikaa dawati moja na vijana wanaoniita mzee. Cheti nilipokipata nilikitia mfuko wa shati nikatembea nacho wiki nzima, kana kwamba askari wangenisimamisha njiani waniulize kama kweli najua eneo la duara. Basi nilipoambiwa wanatafutwa watu wa kusaidia uchunguzi wa taka za majumbani, nikaona nimeitwa kwa jina. Tulijitokeza wengi. Turubai la kwanza lilipofunuliwa, harufu yake ikawarudisha nusu yao makwao, na mmoja nadhani hajaacha kukimbia mpaka leo.

Utaratibu haukuwa mgumu. Kila nyumba iliyochaguliwa ilipewa mfuko, ikatia humo taka zake zote kwa siku saba. Sisi tukaikusanya mifuko, tukaimwaga juu ya turubai na kuchambua: maganda huku, majivu na mchanga kule, karatasi, chupa, vyuma, matambara, na fungu kubwa kuliko yote, vifungashio. Kila fungu lilitundikwa kwenye mizani, uzito ukaandikwa kwenye fomu. Shabaha ilikuwa kujua mji unatupa nini, ili watu waelekezwe wapunguze nini. Vifuko na makopo vilikuwa vinaziba mitaro, na mvua ikinyesha vinasafiri mpaka mtoni na kuishia kwenye mikoko. Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba kaa wa Mbuchi, kule deltani, siku hizi wanazijua biskuti zote kwa ladha.

Aliyetufundisha kazi alikuwa afisa mazingira, dada mmoja mpole aliyehamia kwetu kutoka bara. Alirudia jambo moja mpaka tukalichoka: mfuko una namba, hauna mwenyewe. Utakachokiona kwenye turubai kiache kwenye turubai. Mimi nilitikisa kichwa kuliko wote, kama mtu aliyezaliwa akilijua hilo.

Mtaa wangu mwenyewe ulikuwa kwenye orodha. Mwisho wa uchochoro wetu, kwenye chumba kimoja cha kupanga, aliishi bibi mmoja aliyetoka Mbuchi mwaka ule maji yalipopanda yakachukua shamba lake la mpunga pamoja na nyumba. Mumewe alikwisha kufariki. Kijana wake ndiye aliyemleta mjini, kisha akaelekea kusini kutafuta maisha, na habari zake zikawa za kuokoteza. Bibi alisuka mikeka na vikapu vya ukindu hadi vidole vilipovimba vikakataa kukunja. Baada ya hapo aliishi kwa kile kilichotoka majikoni mwa majirani. Hilo nililijua, lakini nililijua kama ninavyojua kwamba jua linachomoza. Sikuwahi kujiuliza linachomozaje.

Wanawake ndio waliokuwa wanajua. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu. Ukiletewa wali unarudisha bakuli na chochote ulichonacho: ndimu mbili, bamia, hata chumvi iliyofungwa kwenye karatasi. Mwanzoni bibi alirudisha ndimu, kisha majani ya kunde, kisha akawa hana cha kutia. Akaanza kukataa chakula mlangoni. Leo nimefunga, leo tumbo limekaa vibaya. Mwaka ule, kwa maneno ya mke wangu, bibi alifunga siku nyingi kuliko mawalii. Ndipo akina mama, bila kikao wala kuambizana, wakahamia kwenye makopo. Kopo la siagi lililokwisha, ndoo ndogo ya aiskrimu, kifuko cha nailoni. Hivyo ni vitu vya kutupa, havirudishwi, na kisichorudishwa hakimdai mtu kitu. Unampelekea bibi wali na mchuzi wa kamba, unamwambia hilo kopo akimaliza alitupe tu, unaondoka zako. Hakuna aliyetoa sadaka, na hakuna aliyepokea.

Mimi, na cheti changu mfukoni, hili sikulijua.

Siku tuliyoumwaga mfuko wa bibi, ambao niliuchukua mwenyewe mlangoni kwake, makopo yalitoka kama watoto wanaotoka madrasa. Kumi na moja, na vifuko juu yake. Kwa mtu mmoja! Nyumba yenye watu wanane haikufikisha hayo. Nilicheka mpaka barakoa ikaloa. Nikaandika uzito, na nikaacha kufanya lile moja nililofundishwa: niliibeba ile namba, kumi na moja, kichwani nikatoka nayo.

Mwenyekiti wa kitongoji aliitisha mkutano watu waelezwe kilichoonekana. Afisa alikuwa Ikwiriri akisimamia mifuko ya huko, akaniachia karatasi yenye hesabu ya mtaa mzima na kuniomba niisome polepole. Niliisoma polepole. Watu wakaanza kusinzia. Mzee mmoja alikoroma kwa sauti iliyotikisa meza, au niseme ilitikisa kikombe. Nami ni mtu ambaye sivumilii hadhira iliyolala. Nikaiweka karatasi chini.

Nikasema, "Jamani, humu mtaani tuna mtu mmoja, anaishi peke yake, wiki moja ana makopo kumi na moja. Huyo si mtu, huyo ni duka la jumla."

Wanaume wakacheka. Niliupenda mno mcheko ule, nikawaongezea: kama kila mtu angekuwa kama huyo, Rufiji ingesimama, na viboko wangehamia barabarani. Wakacheka tena. Ilinichukua muda kuona kwamba upande wa wanawake hakuna jino lililoonekana. Bibi alikuwa ameketi mbele kabisa, juu ya mkeka wake mwenyewe. Alivuta kanga yake mbele kidogo, ikamfunika paji la uso, akaendelea kusikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

Nikamalizia kwa ushauri. Tuache kupelekeana vyakula kwenye makopo na nailoni. Turudi kwenye bakuli na kawa la kufunikia, kama mama zetu. Upimaji wa pili utakuja, nikasema, na safari hiyo nitayatazama makopo kwa jicho kali. Mwenyekiti akapiga makofi. Azimio likapita bila mwanamke hata mmoja kunyanyua mkono, nami nikahesabu kwamba wamekubali.

Nyumbani mke wangu hakunisemesha hadi tulipomaliza kula. Kisha akaniambia kuna vyakula haviendi kwenye bakuli. Nikamuuliza vyakula gani, maana hata supu inaingia. Nikamhubiria kuhusu mitaro na mikoko, kidogo nimpe mtihani. Akaanza kukusanya vyombo.

"Basi nieleze," nikasema.

"Nikikueleza utaandika."

Nililichukua kama utani wa mke kwa mume, nikalala vizuri. Leo najua alikuwa akimsitiri mwenzake hata kwangu. Jambo kama lile likitamkwa limekufa, na mimi nilikuwa mtu wa kutamka.

Siku zilizofuata akina mama walijaribu kumpelekea bibi chakula kwa bakuli. Alikataa kwa shukrani. Wawili walimpelekea kwa kopo, kwa kificho. Hayo pia aliyakataa, akisema hataki mtaa utiwe aibu kwa ajili yake, wapimaji wanakuja. Haya yote yalipita mbele ya mlango wangu nami nikiwa ndani nachonga penseli.

Upimaji wa pili ukafika. Mfuko wa bibi ulikuwa mwepesi kiasi kwamba niliutikisa nihakikishe una kitu. Majivu kidogo. Ganda la ndimu. Majani ya chai yaliyochemshwa na kuchemshwa tena mpaka yakapauka. Kopo hata moja hakuna. Mshale wa mizani ulisogea kwa aibu tu. Mtu mwenye akili, hata asiyejua kusoma, angeyatazama yale majivu akajiuliza huko jikoni kunapikwa nini. Mimi niliruka juu. Nilimwendea afisa nikamwambia elimu imefanya kazi, tuna nyumba ya mfano. Alifurahi, na akasema wapewe zawadi wote wenye mifuko mepesi, bila kutaja mmoja mmoja. Wote wakapewa. Mimi ndiye niliyeongeza kumpigia bibi makofi peke yake.

Zawadi ilikuwa kikapu cha ukindu cha kuendea sokoni. Bibi alikigeuza, akatazama kitako chake, akapitisha kidole kilichovimba kwenye mshono.

"Aliyesuka hiki alikuwa na haraka," akasema.

Watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Niliona ameuchangamkia mradi. Kumbe alikuwa anashikilia kitu kimoja alichobaki nacho cha kujua kuliko sisi.

Hazikupita siku nne, bibi akaanguka kwenye foleni ya bombani, asubuhi, ndoo yake ikiwa bado tupu. Mke wangu na mwenzake walimpeleka zahanati kwa bajaji. Muuguzi alimpima, akauliza anakula nini. Bibi akajibu anakula vizuri, alhamdulillahi. Muuguzi akamtazama mke wangu, na mke wangu akatazama chini.

Mke wangu aliporudi ndipo aliponieleza, amesimama mlangoni, hakukaa. Bakuli, ndimu, majani ya kunde, saumu zisizo na mwezi, makopo. Alieleza kwa maneno machache kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Nilitafuta mzaha wa kujikinga nao. Mimi, ambaye nimewahi kuchekesha msibani, sikupata hata mmoja.

Bibi alipopata nguvu kidogo nikaenda kumwona. Alikuwa ameegemea ukuta kibarazani, uji ubavuni kwake. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Umekuja kupima?"

Nikachutama. Nikamwambia nimemkosea, na kwamba sikujua.

"Kutojua si kosa," akasema. "Lakini yale kumi na moja uliyajua vizuri."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayemwonyesha mwanafunzi mahali mshono ulipokosewa. Kisha akaniuliza hali ya watoto, akaniambia nikae nisichutame, nitaumia magoti.

Tulijaribu kurekebisha. Mke wangu alikwenda kupikia kwake, akidai mkaa wetu umelowa, siku ambayo mji mzima ulikuwa mkavu kama biskuti. Bibi alimkaribisha moto, akala matonge mawili, na kilichobaki akamfungashia arudi nacho. Wengine wakarudia makopo. Akayapokea safari hii, kwa sababu muuguzi alimwamuru ale, lakini kesho yake makopo yakaanza kurudi. Yameoshwa kwa jivu mpaka yanang'aa, na ndani ya kila moja kuna kitu: jani la mchaichai, kijiti cha mdalasini, mara moja punje za mchele zinazohesabika. Nilimshuhudia akiyapeleka mwenyewe nyumba kwa nyumba, anapumzika kila baada ya milango miwili. Mtaa mzima ulikuwa umeambiwa kwamba anapokea, kwa hiyo ilimbidi arudishe. Akina mama walipoona safari zile zinamchosha kuliko njaa, wakapunguza kupeleka. Hakuna aliyeweza kumwambia asirudishe. Hilo nalo lingehitaji kutamkwa.

Mwishowe mtoto wa mdogo wake alikuja kutoka Mbuchi kumchukua. Kule, akasema, angalau kuna samaki, na bibi atakula sinia moja na wenye nyumba, mambo ya kurudisha vyombo hayapo. Uchochoro mzima ulimsindikiza. Nilibeba mizigo yake, ambayo haikuwa mizigo: mkeka, sufuria, fungu la ukindu alioshindwa kuusuka. Kile kikapu cha zawadi alikuwa amekwisha kumpa mwenye nyumba wake. Njia nzima nilizungumzia mvua. Nilikuwa nimepanga nimwombe radhi tena, safari hii sawasawa, bila neno "sikujua" ndani yake, lakini gari la mchanga lililokuwa likielekea huko likapiga honi, akapandishwa mbele karibu na dereva, na mimi nikabaki nimeshika mkono wa mlango hadi dereva aliponiomba niuachie.

Nilikwenda kwa yule afisa nikamweleza yote, hata namba niliyotoka nayo kichwani. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Nikamwomba aiondoe ile nyumba kwenye taarifa, kwa sababu humo imeandikwa kwamba vifungashio vilipungua baada ya elimu. Akasema anaweza kuandika maelezo pembeni, lakini uzito hawezi kuufuta. Mfuko ulikuwa na uzito ule kweli, tulipima vizuri, na mizani haikukosea.

Ndivyo ilivyo. Bado nafanya kazi hiyo wakiniita, na bado naamini mitaro inazibwa na vifuko. Siku hizi nikisimama mbele ya watu nasoma karatasi kama ilivyoandikwa, na wakisinzia nawaacha wasinzie.

Bibi yuko hai. Watu wa Mbuchi wanaokuja Kibiti sokoni hutuletea salamu zake. Anamsalimu mke wangu, anawasalimu watoto mmoja mmoja, anamuulizia hata yule kuku wetu mwekundu kama bado anataga chini ya kitanda. Msafiri akishamaliza, huwa nasubiri kidogo nisikie jina langu, labda amesahau kitu. Hajasahau.