Tofali la Kupelekwa Chuoni

Ukuta wa chumba cha wazazi wangu kule Murungu ulipasuka kuanzia kona ya dirisha mwaka ule ule niliokuwa namalizia shahada ya pili, nikiifundisha kompyuta kukisia jinsi ufa unavyokua. Mama alitaka wahamie jikoni mpaka mvua ziishe. Baba akasema wangoje mtoto aje, kwani amesomea nyufa.

Nilikwenda na kiburi changu chote. Majirani walinitupia ile methali ya ufa na ukuta, nikawacheka moyoni: wao walijua kuziba, mimi nilijua kukokotoa. Nikatia alama ya penseli kwenye ncha ya ufa, nikapima ukuta, kisha nikamwomba Baba tofali moja nikalivunje maabara, maana kompyuta haijui ukuta ni mgumu kiasi gani mpaka uiambie. Baba alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye masalia ya tanuru, akakawia. Alirudi na tofali jekundu, amelifuta vumbi kwa kitenge cha Mama.

Chuoni niliukatakata ukuta ule ndani ya kompyuta, vipande vidogo maelfu. Kazi yenyewe si uchawi. Unakokotoa nguvu iliyojikusanya kwenye ncha ya ufa. Ikiushinda ugumu wa tofali, ufa unasogea hatua moja, nawe unaanza upya. Ufa wangu ulisogea kidogo, ukasimama chini ya dirisha. Nikampigia Mama simu, nikamwambia alale chumbani kwake bila wasiwasi. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilikereka, nikamjibu kwamba hesabu haidanganyi.

Ukuta ulianguka asubuhi moja ya mvua, Mama akiwa amejilaza na homa. Ulimvunja nyonga. Hadi leo anatembea kwa magongo, na shamba lake la mihogo wanalima wengine.

Niliporudi nilikwenda kwenye kifusi kabla hata ya kunywa maji. Matofali yalikuwa mabichi katikati, yakimeguka kwa kidole. Kwetu hakuna asiyejua: yaliyoiva hujengewa upande wa barabarani, na yale ya pembezoni mwa tanuru, ambayo moto haukuyafikia vizuri, huenda nyuma na kufichwa kwa udongo wa kukandika. Mimi mwenyewe nilikua nikiyabeba. Chumba kile kiko nyuma, na sikuwaza hata mara moja.

Nilimgeukia Baba kwa ukali ambao sijajisamehe. Nikamuuliza kwa nini hakuning'olea tofali la ukuta ule ule.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu.

"Mwana wanje," akasema, akiniita mwanawe kwa lugha ya kwetu, "ningekupaje tofali bovu ukawaoneshe walimu wako?"

Walimu walilisifu kweli. Shahada nilipewa kwa tofali hilo, na Mama alinipongeza kwa simu, akiwa bado hawezi kuketi.