Mguu Alioniazima Ami Lali

Walisema sitaweza. Nakuambia hili mwanzo, mwanangu, ili ujue anayekupa nasaha ni nani. Nilipotoka Koyama kwenda Mombasa kusomea ufundi wa magari, watu wa kwetu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisiwa chetu hakikuwa na gari hata moja, wala barabara ya kulipitisha. "Mchu wa Koyama na gari wapi na wapi?" alisema jirani yetu mmoja, kwa ile "mchu" yetu ya Kibajuni, yaani mtu. "Akipewa gari atalitia makasia!" Mwingine akasema nitarudi baada ya mwezi mmoja, nimekonda, naomba kazi ya kupara samaki.

Nilirudi baada ya miaka mitatu, nimenenepa, na diploma yangu ndani ya bahasha ngumu isiyopindika. Darasani nilikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwenye gereji, aliyezaliwa kati ya injini, kwa hiyo mimi hujihesabu wa kwanza. Ukiona najisifu, ni kweli najisifu. Nilichokipata nilikisomea, na mmoja wa waliocheka siku ile, alipohamia mjini, aliniletea gari lake.

Lakini siku ninayoikumbuka kuliko zote si siku niliyopewa diploma. Ni siku niliyotengeneza breki za Adeer Nuur.

Nilikuwa nimefikia Kisimayu, mji wa bara wenye magari, katika nyumba ya vyumba viwili, pamoja na Ami Lali, mdogo wake baba. Ami Lali alikuwa fundi wa kuunda mashua. Alikuja mjini kununua misumari na mbao, na mbao zikachelewa, basi akawa anakaa barazani akinitazama nikingoja wateja ambao hawakuja. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Niliuona mkono ule tangu utotoni na sikuwahi kuuliza. Kwangu ulikuwa mkono wa Ami Lali, basi.

Adeer Nuur alikuwa jirani yetu, Msomali, muuza vitambaa. "Adeer" ni ami kwa Kisomali, na mtaa mzima ulimwita hivyo. Alikuwa na gari dogo jeupe la Kitaliano, na pedeli yake ya breki ilikuwa ikizama kama unakanyaga unga uliokandwa. Nyuma ya duka lake palikuwa na ghala tupu lenye mlango mpana wa kuingiza lori. Mimi ghala lile nilikuwa nikiliota mchana, liwe gereji yangu.

Jumatano alinijia. "Fundi wa Mombasa," akasema, "Ijumaa nampeleka mama yangu kwa dada yake, ng'ambo ya mji. Gari likisimama ninapotaka lisimame, ufunguo wa ghala ni wako. Lisiposimama, basi. Kuna watu wameniambia nikupe punda kwanza, nione kama utaweza kumfunga."

"Adeer," nikamjibu, "waambie hao watu wafunge punda wenyewe. Mimi nina diploma."

Gari likaletwa uani kwetu Alhamisi asubuhi. Tatizo lilikuwa upepo ndani ya mabomba ya breki, na mpaka leo nikimweleza mtu humwambia hivi: mafuta ya breki hayabonyei, upepo hubonyea. Upepo ukiingia, nguvu ya mguu wako yote huishia kuubana huo upepo, na magurudumu hayapati habari. Dawa yake ni kuutoa. Nyuma ya kila gurudumu kuna skrubu ndogo yenye tundu. Mmoja anakaa ndani ya gari na kukanyaga pedeli. Mwingine yuko chini, analegeza skrubu, mafuta yanatoka pamoja na mapovu, anaikaza, na ndipo mguu unapoinuka. Mguu ukiinuka kabla skrubu haijakazwa, gari linavuta upepo mwingine, nawe umefanya kazi ya bure.

Kazi ya watu wawili, na mimi nilikuwa peke yangu. Na jeki sikuwa nayo. Niliazima kwa dereva wa lori aliyekaa nyumba ya tatu. Spana nyembamba niliazima kwa fundi wa baiskeli. Chupa ya kioo, ya kupokelea mafuta, niliazima kwa Bi Zeituni, jirani wa ua wa pili, ambaye alinipa chupa yake ya sharubati na kuniambia ikivunjika nisirudi kwake hata kwa salamu. Mguu niliazima kwa Ami Lali.

Ami Lali alikuwa hajawahi kukaa kwenye kiti cha dereva. Alivua makubadhi yake akayaweka nje ya mlango wa gari, kama anayeingia ndani ya nyumba ya watu. "Nikanyage kipi?" akauliza. "Mbona viko vitatu?"

"Cha katikati, ami. Nikisema kanyaga, kanyaga. Nikisema wacha, wacha."

Akafikiri kidogo. "Wacha nini? Niwache kukanyaga, au niwache mguu pale ulipo?"

Sikiliza jinsi nilivyomjibu, mwanangu, maana aibu ya siku ile imo humu. Nilimwambia: "Ami, wewe fuata tu. Hii si mashua."

Akatazama mbele kwenye kioo.

Nilianza na gurudumu la nyuma la kulia, lililo mbali kuliko yote na kikopo cha mafuta ya breki kilicho mbele ya gari, kama tulivyofundishwa. Hilo nililifanya sawasawa. Lakini tulifundishwa pia kuvesha mpira mwembamba kwenye skrubu na kuzamisha ncha yake ndani ya mafuta kwenye chupa, ili uyaone mapovu na ujue yamekwisha. Mpira sikuwa nao, na nikaona nimekwisha kuomba kwa watu vya kutosha kwa siku moja. Fundi mwenye diploma anazunguka mtaa mzima kama mwombaji! Nikaweka chupa chini ya skrubu, nikaacha mafuta yadondoke.

"Kanyaga!" Ami Lali akakanyaga. Nikalegeza skrubu, mafuta yakaruka, pedeli ikazama. "Wacha!" nikapiga kelele, nami nilikuwa na maana ya: tulia hapo hapo, usiendelee, nakaza. Ami Lali akasikia: inua mguu. Akainua. Mimi niko chini ya gari, naona skrubu tu na mkono wangu. Yeye yuko juu, anaona usukani tu. Tukazunguka magurudumu yote manne hivyo. Kila upepo uliotoka tuliufungulia mlango urudi.

Nilipokanyaga pedeli mwenyewe ilikuwa na ugumu kidogo. Nikajiambia inatosha. Hapo ndipo diploma iliponidanganya, au niseme mimi niliisingizia diploma neno ambalo haikusema.

Nilimwita Ami Lali tukalijaribu. Barabara ya mtaa wetu ilishuka kuelekea sokoni. Mara ya kwanza breki ilishika. Mara ya pili ilishika nusu. Mara ya tatu mguu wangu ulifika sakafuni, na mbele yetu, katikati ya njia, palikuwa na gari la punda lililobeba mapipa ya maji, na mwenye maji ametugeuzia kisogo. Nikavuta breki ya mkono kwa mikono miwili, nikapinda kulia, tukaingia kwenye lundo la mchanga wa mtu aliyekuwa akijenga. Gari likazama mpaka kwenye taa. Hakuna aliyeumia. Punda hakugeuka hata kutazama.

Mwenye maji aligeuka. Akaja taratibu, akalizunguka gari, akachungulia dirishani. "Nahodha," akaniuliza, "nanga umeisahau wapi?"

Watu walitoka madukani kucheka. Walinisaidia kulitoa gari mchangani, siwezi kusema hawakunisaidia, lakini kila aliyesukuma alikuwa na neno lake. Mmoja alimwuliza Ami Lali kama sisi watu wa visiwani tunasimamisha gari kwa kulipandisha ufukweni. Nikafikiria mama yake Adeer Nuur, kizee mwembamba wa miaka mingi, amekaa kwenye kiti kile cha mbele.

Tulirudi uani polepole, kwa breki ya mkono. Nilingoja Ami Lali anigombeze. Akavaa makubadhi yake, akakaa barazani, akanyoosha ule mkono wa kushoto mbele yangu.

"Vidole hivi viwili unajua vilikwenda wapi?"

"Sijui, ami."

"Vilikwenda na neno hilo lako. Nilikuwa kijana kama wewe. Tunashua mashua, tunaiteremsha majini, mimi niko chini ya ubavu wake napachika gogo. Mzee wangu akasema wacha. Alitaka mimi niliwache gogo nitoke. Wenye kamba, walioizuia isiteremke mbio, wakasikia wao, wakaiwacha kamba. Mashua ikaja." Akaurudisha mkono pajani. "Tangu siku ile, neno hilo halisemwi pwani petu siku ya kushua. Na kila neno linalosemwa linajibiwa. Nikisema shikilia, mwenye kamba ananiambia nimeshikilia. Asipojibu, hakuna mchu anayetia mkono. Mimi nilikuuliza, wacha nini. Ukanambia hii si mashua."

"Nisamehe, ami. Nilidhani hujui."

"Gari silijui. Kuitwa na kuitika nakujua."

Hayo ndiyo maneno yake yote. Alasiri ile nilikwenda kwa fundi mwashi wa lile jengo lenye mchanga, nikamwomba radhi kwa lundo lake, kisha nikamwomba aniazime ule mpira wake mwembamba unaoonyesha ndani, anaoutia maji kupimia usawa wa ukuta. Alicheka, akasema lakini usiurudishe na mchanga. Nikafunga ncha moja kwenye skrubu kwa uzi, nyingine nikaizamisha ndani ya chupa ya Bi Zeituni, chini ya mafuta. Na mimi na Ami Lali tukachagua maneno.

"Chini!"

"Iko chini."

"Shikilia!"

"Nimeshikilia."

Nikalegeza, mapovu yakapita mpirani kama shanga, nikakaza. "Nimefunga! Juu!"

"Iko juu."

Hivyo hivyo, gurudumu kwa gurudumu, na kila mara kadhaa nilitoka chini ya gari kujaza kikopo, kisikauke kikavuta upepo kutoka juu. Nilidondosha tone moja kwenye ubavu wa gari nikalimwagia maji mbio, maana mafuta yale hula rangi. Wanawake wa ua wa pili walitusikia, wakaanza kutuitikia kabla ya Ami Lali: "Iko chiniii!" Bi Zeituni ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Nikamwomba Ami Lali asimsikilize. Akasema, "Mimi ninasikiliza mmoja tu," na nikaona usoni mwake kwamba anafurahi.

Mapovu yakaisha. Pedeli ikasimama juu, ngumu kama ubao. Nilishuka na gari lile njia ile ile mara kumi na mbili, na kila nilipofika kwenye lundo la mchanga nilisimama ghafla, makusudi, mwenye maji anione.

Ijumaa Adeer Nuur alimpeleka mama yake na kumrudisha. Usiku sikulala vizuri, nakiri, na mchana sikula mpaka nilipoliona gari jeupe linapinda kona. Alisimama mbele ya mlango wetu, si kabla wala si baada. Akateremka, akanipa ufunguo. "Mama anasema uendeshe wewe au niendeshe mimi, gari linasimama," akasema. Basi hiyo ndiyo gereji yangu ya kwanza. Baadaye nilikuwa na tatu, na mafundi waliojifunza kwangu wako mpaka Merka. Lakini hayo unayajua, nimekusimulia mara nyingi.

Kabla sijafungua mlango wa ghala, nilirudisha vitu vya watu. Jeki niliirudisha imetiwa grisi. Spana ilikuwa na mdomo uliolika tangu nilipoichukua. Nikaupiga tupa ukawa sawa. Chupa niliiosha mara tatu kwa sabuni na majivu, na Bi Zeituni akainusa kwanza kabla ya kunijibu salamu. Mpira nilikuwa nimeukata shubiri moja, kwa hiyo nilimwagizia mwashi mpira mpya, mrefu zaidi. Ami Lali nilimwuliza, mguu wako nitaurudishaje? Akasema, "Nitakuita."

Aliniita baada ya miezi saba. Mashua yake ilikuwa tayari Koyama, na watu wa kamba hawatoshi. Siku hiyo nilikuwa na malori mawili gerejini. Nikafunga mlango, nikaenda.

Watu wote waliosema sitaweza walikuwa pale ufukweni. Jirani yetu yule wa makasia aliniona nimeshika kamba, akapaza sauti: "Leo fundi wa gari anashua mashua! Usiikanyage breki!" Nikacheka nao. Kisha Ami Lali akainua mkono wake wa vidole vitatu na ufuko mzima ukanyamaza.

"Shikilia!" akasema, akinitazama mimi.

Na mimi, mwenye diploma, nikajibu kwa sauti niliyokuwa nayo yote: "Nimeshikilia!"

Mashua iliteremka hatua kwa hatua, neno kwa jibu lake, mpaka ikaelea. Hakuna aliyekatika hata ukucha. Ami Lali alinijia amelowa mpaka kifuani, akanipiga begani. "Mguu wangu nimeupata," akasema. Siku hiyo sikuwa na kitu cha mtu yeyote mkononi mwangu.

Mwanangu, utakapotoa upepo kwenye breki za gari lako, tafuta mpira, usione haya kuuomba. Usiache kikopo kikauke. Na yule atakayekukalia kwenye pedeli, hata kama hajawahi kuliona gari, muulize kila neno yeye analisikiaje, kisha ngoja akujibu. Ukishapata elimu kuliko yeye, ngoja zaidi. Mungu akupe mikono myepesi na masikio yasiyochoka, akupe mtu mwaminifu wa kukushikilia pale usipoona, na kila unayempakia umfikishe mlangoni kwake, si kabla wala si baada. Amina.