Foleni ya Kandambili

Dada yangu mdogo ni mlezi wa bweni chuoni, na wote wanamwita Mama Foleni. Jina hilo lilitokana na ugomvi. Wanafunzi wa pale wana mtindo wao: asubuhi wanapanga vitu mlangoni mwa bwalo, kandambili, mkoba, hata chupa ya maji, kisha wanaenda darasani. Kila kitu kinamshikia mwenyewe nafasi mpaka chakula kiive, na hakuna anayemruka mwenzake. Dada hataki kabisa. Anasema foleni ni watu. Mimi humcheka, maana nilipokuwa fundi bomba hapo, nami niliwahi kuacha spana.

Sasa, mwaka huu siku ya kura imeangukia katikati ya mitihani. Wengi wameandikishwa makwao, mbali, na asiyehamishia jina lake kituo cha chuo ndiyo basi. Dada alihangaika ofisi ya uchaguzi mpaka mlinzi wa pale akawa anamwamkia kama mkwe. Mwisho wakamkubalia: karani ataleta mashine ya kuhamishia majina chuoni siku moja, ya mwisho kabla ya kufunga zoezi.

Asubuhi hiyo foleni ilikuwa ya watu kweli, na walimu wamo. Dada akatulia, akaingia jikoni kumbembeleza mpishi mkuu.

"Mama, sufuria iko motoni."

"Nitakukorogea mimi. Nenda ukahamishe jina."

Akashika mwiko, nami niliyekuwa nimemsindikiza nikakaa naye nikimenya vitunguu. Kumbe karani kachelewa, na watu wamechoka kusimama. Wakafanya walivyozoea. Mpishi naye akavua aproni, akaitandika nyuma ya kandambili ya mwisho, akaenda kunywa chai.

Dada alipotoka hakuona mtu. Akapiga simu, jasho linamtiririka.

"Nilikuja, mama," karani akasema. "Nimekuta kandambili na aproni. Nichukue alama za vidole za kandambili?"

"Wako darasani, mwanangu. Rudi, nakuitia sasa hivi."

"Nimeshafika kituo cha sokoni. Huku foleni ina miguu. Waleteni."

Dada akapita madarasani akigonga milango. Mwalimu mmoja akamwambia asubiri kipindi kiishe, na mkoba wake mwenyewe uko kwenye foleni. Basi la chuo lilikuwepo, limeoshwa, linang'aa.

"Bila saini ya mkuu siwashi," dereva akasema.

"Mkuu yuko wapi?"

"Kikaoni. Wanazungumzia uchaguzi."

Saini ilipopatikana, karani alikuwa anakunja nyaya za mashine. Waliowahi ni wale wachache waliotoka mbio na dada kwa miguu, mpishi akiwa mbele, bila aproni. Wengine wote siku ya kura watakuwa wanafanya mtihani huku majina yao yako makwao.

Dada alibeba vile vitu vyote akavipanga ukumbini nyumbani tunakoishi, kwa mpangilio uleule. Najikwaa kila nikienda kunywa maji. Jana alikuja kijana mpole, anataka kandambili yake.

"Ulikuwa wa ngapi?" dada akamuuliza.

"Wa tatu, mama."

"Wa tatu," akasema, akampa, akaenda kukaa jikoni. Kijana akabaki kaishika mkononi, hata kuivaa hakuweza.