Kofia Iliyoletwa Ipunguzwe

Seleyian alianza kushona kofia kwa sababu mume wake alikuwa na kichwa kikubwa. Sisemi kwa ubaya. Marehemu mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kujicheka. Hakuna kofia katika maduka ya Kitengela iliyomwingia. Zote zilimkalia juu kama kifuniko cha chupa, na Leshan alikuwa mtu wa kununua na kuuza ng'ombe, mtu wa kushinda juani. Mkewe alipochoka kusikia malalamiko, alitafuta kipande cha turubai kuukuu la lori, akakisugua kwa sabuni mpaka kikalegea, akamkalisha mumewe kwenye kigoda na kumzungushia utepe juu ya masikio. Sentimita sitini. Alicheka mpaka akaomba maji ya kunywa. Kisha akamshonea pama yenye ukingo mpana, nami nikamkatia mkanda wa ngozi wa kutiwa ndani, ule unaokaa kwenye paji la uso na kunyonya jasho.

Mimi naitwa Wasike, fundi wa viatu. Kibanda changu na chake vinagawana ukuta mmoja wa mabati kando ya barabara ya Namanga, na mabati hayajui kutunza siri. Kwa hiyo ninayosimulia hapa sikuambiwa, niliyasikia mwenyewe nikiwa na misumari mdomoni.

Leshan aliivaa ile kofia sokoni, na kabla ya mbuzi kuisha kuuzwa watu walikuwa wanamuuliza ameipata wapi. Wakaja kibandani kutaka kofia kama ya Leshan. Baadaye wakawa wanasema tu wanataka Leshan, nasi tukazoea. Seleyian aliacha kazi ya kiwanda cha nguo kule Athi River, akanunua cherehani ya mtumba yenye nguvu ya kushona turubai, akaajiriwa na mikono yake mwenyewe. Abdihakim, mwenye duka la kamba na dawa za mifugo Kajiado mjini, akawa anachukua kofia kwa magunia na kuwapa vijana wazitembeze masokoni. Leshan alivimba kichwa zaidi ya kile alichokuwa nacho. Alikwenda Nairobi kufumisha lebo, bunda zima la utepe lenye jina lake kwa uzi mwekundu, akarudi akijigamba kwamba sasa jina lake litakaa vichwani mwa watu ambao hajawahi hata kuwaamkia.

Msimu wa baridi akaugua kifua. Alilazwa, tukadhani ni jambo la kwenda na kurudi, lakini hakurudi. Tulimzika kwao Kisaju.

Seleyian alirudi kibandani mapema kuliko nilivyotarajia. Watoto wake wawili walibaki Kisaju kwa nyanya yao, yeye akafungua mlango wa mabati, akaketi, akashona. Sikumwona akilia kaburini na sikumwona akilia kibandani. Ukimwambia mvua inakuja, anasema sawa. Ukimwambia chai imeingia chumvi badala ya sukari, anasema sawa, na anamaliza kikombe. Neno hilo lilinichosha. Kuna siku pasi ilimuunguza kiganja, nikasikia harufu kabla yeye hajaondoa mkono. Nilikimbia na maji. Alikuwa anautazama mkono ule kama wa mtu mwingine.

"Sisikii kitu, Wasike," aliniambia. "Si uchungu, si njaa. Ni kama mguu ukikaliwa sana, lakini hii ni mwili yote."

Nilimwambia itapita. Sikuwa na hakika, ila mtu hawezi kukaa kimya akiambiwa maneno kama hayo.

Sasa, lipo jambo ambalo lazima nilieleze, na ninaposimulia mimi nitaendelea kumtaja marehemu kwa sababu mimi si wa kwao. Kwa Wamaasai wanaoshika mila, mtu akishazikwa jina lake halitajwi tena nyumbani mwake. Vijana wengi wa mjini hawajali siku hizi. Mama mkwe wa Seleyian anajali, ingawa kila Jumapili yuko kanisani kiti cha mbele. Mimi ni mtu wa Bungoma na jambo hili liliniudhi. Kwetu mtu akifa, mtoto atakayezaliwa hupewa jina lake, na jina hilo linaitwa kutwa nzima, linatumwa chumvi dukani, linakanywa lisipande mwembe wa jirani. Ndivyo tunavyojifariji. Lakini kila watu na faraja yao, na ile haikuwa ya kuamuliwa na fundi viatu.

Yule mama alikwenda soko la Isinya kuuza mbuzi. Akiwa amesimama na kamba mkononi, kijana mmoja wa kutembeza bidhaa akapita karibu naye, kofia zimepangana mkononi mpaka kidevuni, anaita kwa sauti ya sokoni: Leshan hizi, Leshan mpya, njoo uchukue Leshan. Akapita mbele, akazunguka, akarudi akiita vile vile. Yule mama aliivuta kamba. Alimgeuza mbuzi wake akaenda naye nyumbani bila kumuuza.

Habari hiyo ililetwa na Parsaoti, ndugu mdogo wa marehemu, kijana mpole ambaye hata kukaa kwenye kiti cha watu huwa anaomba ruhusa. Alizunguka na maneno ya mvua na malisho mpaka nikatamani kumsaidia kusema.

"Shemeji, ni hii maneno ya jina," alisema mwishowe, akimwita mama yake Yeyo, kama Wamaasai wanavyomwita mama. "Yeyo anasema akiiskia inaitwa hivyo sokoni, anageuka kuangalia."

Seleyian akasema sawa.

Parsaoti alipoondoka, alishusha kofia zote zilizokuwa tayari, akachukua wembe na kuanza kufumua lebo. Alifanya kazi ile kwa utulivu kama anayechambua mchele. Lebo zikajaa kwenye beseni. Nilimuuliza kama amefikiria atakula nini, akanijibu kwamba Yeyo hana mtoto mwingine wa kugeuka kumwangalia kwa namna ile. Parsaoti je? Parsaoti yupo, akasema, anamwona kila siku. Nilirudi kwenye viatu vyangu.

Niliyoyaogopa yakatokea. Kofia ni zile zile, mshono ule ule, mkanda wangu ule ule, lakini wateja walipindua ukingo, wakatafuta uzi mwekundu, wasipouona wakasema hii ni feki. Magunia yakaanza kurudi kutoka Kajiado. Mwishowe Abdihakim akaja mwenyewe. Ni mtu muungwana; alianza kwa kumwombea marehemu, akakaa kitambo bila kugusa mambo ya biashara. Kisha akaeleza kwamba kuna ranchi moja inayotaka kuwavisha wachungaji wake wote, lakini wameagiza kofia kwa jina. Akashauri lebo zirudishwe kwa mzigo ule peke yake. Zitakwenda ranchi, hazitatembezwa sokoni, na mama wa Kisaju hatajua.

Mimi upande wa pili wa mabati nilikuwa nimeshika nyundo hewani. Nilitaka akubali. Nasema wazi, nilitaka sana akubali, kwa sababu nilijua karo ya shule haingoji msiba uishe, na nilijua cherehani ile bado ina deni. Nilingoja lile sawa lake.

"Hapana," Seleyian akasema. "Mimi nitajua."

Abdihakim hakubishana. Alimtakia heri, akaenda zake.

Wiki ile Seleyian akaniambia kwamba atafunga kibanda. Alikuwa amekwenda Athi River kuulizia kiwandani, na msimamizi wake wa zamani amemwambia aje mwezi ukiisha. Cherehani ataiuza. Aliniuliza kama nitahitaji lile beseni. Aliuliza kwa sauti ile ile ambayo angeulizia saa. Nilimkasirikia, kwa sababu afadhali angelia nikajua pa kumshika. Nilimwambia sitaki beseni la mtu.

Alikuwa ameanza kufunga vitambaa kwenye gunia siku mama mkwe wake alipotokea. Nilimwona kwanza mimi. Alivuka barabara polepole, leso imefungwa kichwani kama kawaida yake, amebeba mfuko wa plastiki kwa mikono miwili. Aliniamkia, Takwenya, salamu ya Kimaa kwa wanawake, haikunihusu kwa hiyo nikapewa Habari yako fundi, kisha akapita kwa mkwewe.

"Takwenya," akasema.

"Iko," Seleyian akajibu, akamsogezea kigoda.

Hakuuliza kuhusu magunia. Alieleza kwamba watoto hawajambo, mdogo ameng'oka jino. Kisha akafungua mfuko na kutoa ile kofia ya kwanza, ya turubai la lori, ukingo umepauka, alama ya jasho imepanda mpaka kwenye mshono. Seleyian alikuwa hajaiona tangu mazishi. Alidhani imezikwa, au imegawiwa kwa wajomba pamoja na nguo nyingine. Kumbe mama aliiomba yeye.

"Jua ya soko inanichoma," mama akasema. "Nataka kuvaa hii. Unipunguzie."

"Sawa," akasema Seleyian.

Hapo nikaacha kazi nikasogea mlangoni, maana kupunguza kofia ile kulimaanisha kufumua mkanda wangu na kukata turubai. Nilimtazama usoni. Hakukuwa na kitu pale. Alichukua mkasi akauweka mezani, akashusha utepe kutoka shingoni, akamwomba mama afungue leso. Mama akaifungua. Kichwa kilikuwa kimenyolewa kwa ajili ya msiba, nywele nyeupe zimeanza kuota tena, na sijui kwa nini miaka yote ile sikuwahi kukitazama. Nadhani leso ilitudanganya sote.

Seleyian alipitisha utepe juu ya masikio, akauvuta, akakutanisha ncha kwenye paji la uso. Akasoma. Akaulegeza, akapima tena, safari hii taratibu, akiulaza utepe kwa vidole. Halafu akasimama vile vile, ameshika utepe kichwani pa mama mkwe wake, haendi mbele wala nyuma.

"Yeyo," akasema, "hii haitaki kupunguzwa. Ni sitini."

Mama hakugeuka.

"Kwani alitoa wapi?" akauliza.

Mkono wa Seleyian ukafunguka, ule wenye kovu la pasi. Utepe ukadondoka. Aliinama akaweka shavu lake juu ya kichwa kile kilichonyolewa, akakikumbatia kwa mikono yote miwili, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Ilikuwa ya chini, na haikuisha. Akashuka sakafuni, mama akampokea mapajani, akawa anampapasa mgongo na kumwambia kwa Kimaa maneno ambayo sikuyaelewa na hakuna aliyenitafsiria.

Alilia mpaka vivuli vya vibanda vikafika barabarani. Mimi nilirudi kwangu nikagonga soli ambayo ilikuwa imeshashika zamani, ili wapita njia wasisikie, na macho yangu yenyewe yalikuwa yananiwasha.

Kulipotulia, mama aliuliza gunia lile ni la nini. Seleyian akamwambia anafunga, anarudi kiwandani.

"Mimi ni jina ndiyo ilinishinda," mama akasema. "Kofia haijanishinda. Wewe shona."

Seleyian hakusema sawa. Alifuta uso kwa kipande cha bitana, akaokota kofia, akakung'uta vumbi kwenye ukingo, akamvisha mama yake mkwe na kumwekea sawa juu ya nyusi. Ilimkaa barabara, niliona kupitia tundu la msumari kwenye mabati. Kisha akaniita kwa ukuta, akaniambia nimletee ngozi ya mikanda, na nisimletee ile nyembamba.