Sanda ya Jinja

Siku ile ilikuwa ya kuanika sanda. Kila mwaka kabla ya Maulidi, bibi yangu, Bi Mwanakombo, alifungua sanduku lake, akatoa vipande vitano vya bafta vinavyonukia karafuu maiti, nami nikavitundika uani kwetu Bagamoyo. Alisema ndiyo nguo pekee aliyokuwa na hakika ataivaa.

Vita na Uganda vilikuwa vimeanza. Akaingia Shomari, balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mwema aliyependa amri kupita kiasi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Akashika sanda, akaona pembeni chapa ya kiwanda cha Jinja, Uganda. Uso ukambadilika. Ilikuwa imetangazwa mkutanoni kwamba biashara na serikali ile ya kijeshi ni marufuku, na yeye alivyoelewa, hata vilivyomo masandukuni vimepigwa marufuku.

"Bibi, hii mali ya adui. Naichukua."

"Niliinunua kabla huyo mwanajeshi hajapindua mtu! Nikifa leo utanizika na gazeti?"

Balozi akajikuna kichwa. Radhi za mtu mzima aliziogopa kuliko serikali.

"Basi ikae. Lakini marufuku kuitumia mpaka vita viishe."

"Yaani umenikataza kufa?"

"Kwa sasa, Bibi."

Mtaa mzima ulicheka. Bibi aliposhikwa na homa, alikataa kuagana na watu, eti hana kibali.

Kisha Balozi akaenda vitani na mgambo.

Akarudishwa na jeraha la tumbo.

Siku ya tisa akafa.

Madukani hakukuwa na kitambaa cheupe hata cha kufungia kidonda. Mkewe alikaa mlangoni, hajui ashike lipi. Bibi akaniagiza sanduku. Akatoa vipande vitatu, sanda ya mwanamume, akarudisha viwili.

"Bibi, vita havijaisha," nikasema kwa ujinga wangu.

"Basi na aamke anikamate!"

Akaangua kilio. Sikuwahi kumwona akilia. Kipande chenye chapa aliagiza kikae ndani kabisa, Shomari asiaibike mbele za watu.

Bibi alifariki miaka mitatu baada ya vita. Tulimzika na vipande viwili vya Jinja na vitatu vya Dar es Salaam. Nilipoviona vimetandikwa, bila mtu wa kuja kuvikagua, nilimlilia Shomari upya.